Unyoya wa Bata wa Mama Orpa

Mama Orpa anauza samaki sokoni Likasi. Mume wake, Éphraïm, anavua katika ziwa la Mwadingusha. Nyumbani kwao kuna sheria ya wazee: bata mwekundu mwenye mdomo wa buluu haguswi. Yule ni chifu wa maji. Bata wa kahawia, asiye na urembo, ni kitoweo tu.

Mwaka huu bata wekundu walianza kuadimika. Éphraïm alisikitika kweli.

"Shiye tunabachunga," alilalamika, "na bado banaisha!"

Uani kwake kulikuwa na bata wa kahawia aliyenaswa wavuni. Orpa alimnenepesha kwa sababu wakwe walikuwa wanakuja kuleta mahari ya binti yao, Reine. Mkwe halishwi dagaa! Maskini bata, nchi kavu hakujua kutembea. Alishinda ndani ya beseni.

Jirani yao Joëlle anafanya kazi katika maabara Lubumbashi. Siku moja alikuja kusalimu, akamwona yule bata.

"Mama Reine, munipe manyoya yake ile inaanguka. Na weye, Papa Reine, uniletee ya ule nyekundu."

Éphraïm alicheka. "Masomo yote ile, na unaokota manyoya?"

Joëlle alichukua kopo la maziwa, akaonyesha vimistari vyake vyeusi.

"Ii code-barres, machine inaisoma, inajua ni maziwa, haiko sabuni. Kila kiumbe iko na yake ndani ya mwili. Tunaiita ADN. Ku shina ya manyoya iko. Tunasoma kipande kidogo, tunajua ni bata gani. Na ile kipande mutoto anaipata kwa mama tu. Njo tunajua pia ukoo wa mama yake."

"Ku manyoya?" Éphraïm alishangaa. "Mungu ni fundi!"

Tangu hapo, aliyecheka ndiye aliyeokota. Kila alipokwenda ziwani alirudi na manyoya, kila moja katika bahasha yake.

Wiki ya sherehe ilipofika, Joëlle alirudi na majibu.

"Papa Reine, nyekundu na brun, ule wa kahawia, ni bata ya aina moja. Machine inaonyesha pia dume na jike: nyekundu ni dume. Ule brun njo jike."

Éphraïm alikaa chini. "Basi chifu tulimuheshimia, na bibi yake tulimukula?"

"Ni vile, Papa. Tena, manyoya uliokota karibu yote ni ya ukoo moja. Kama ugonjwa inakuya, inaweza kubamaliza bote. Uyu wa beseni peke yake njo iko wa ukoo ingine."

Orpa alimtazama bata, kisha binti yake. "Na bakwe? Batasema tuko bachoyo. Reine ataingia kwabo na haya."

"Maman, minye sitaki ndoa yangu imalize ukoo ya mutu," alisema Reine.

Alfajiri Éphraïm alimrudisha bata ziwani. Orpa alichinja kuku wake wa mayai.

Wakwe wakafika. Baba wa bwana harusi, Papa Hervé, mvuvi naye, alitua kikapu mbele ya Orpa kwa fahari. Ndani yake alikuwamo bata wa kahawia, mzima, miguu imefungwa.

Kisha Éphraïm, kwa heshima zote, alimweleza mkwe habari ya manyoya tangu mwanzo. Papa Hervé alisikiliza mpaka mwisho. Akainama, akafungua kamba kwa mikono yake mwenyewe.

"Mukwe," alisema, "kwetu kila muvuvi anakula bata kama aba. Utakuya kubafundisha."

Éphraïm alikwenda. Sasa majira ya kutaga yakifika, wavuvi wa pande zote mbili hawategi nyavu kwenye matete, ambamo bata hawa hutaga. Juzi Éphraïm alimwona bata wa kahawia akitoka matetini, na vifaranga wanamfuata. Alizuia mtumbwi wake, akavua kofia, akampisha mama apite.