Sailensa ya Gramu Arobaini

Duka la vipuri lilijaa pomoni Jumamosi hiyo asubuhi. Watu walibanana mbele ya kaunta, kila mmoja na chuma chake mkononi, na muuzaji alishaanza kukauka sauti kwa kuulizwa maswali. Fundi wa ekzosi, aliyekuja kununua vijiti vya kuchomelea, alijikuta nyuma ya mwanamke aliyevaa koti jeupe la kazi juu ya gauni la kijani. Viatu vyake vilikuwa na madoa ya plasta, na nywele alizibana kisogoni kwa penseli.

“Kaka, natafuta sailensa ya hii,” mwanamke alimwambia muuzaji, akaweka kitu juu ya kaunta.

Ilikuwa injini. Injini kamili, yenye silinda, plagi na mapezi ya kupozea, ila yote ilienea kwenye kiganja.

“Ya nini hii, dada? Pikipiki ya paka?”

Kaunta nzima ikacheka.

“Ya ndege,” mwanamke alijibu bila kubabaika, na hapo ndipo wakacheka hasa.

Fundi hakucheka. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amechomelea mabomba ya moshi ya malori, mabasi na pikipiki, na hakuwahi kuona tundu la moshi dogo kama lile. Alinyoosha mkono. “Naomba niione.”

Mwanamke akageuka, akamtazama kuanzia ovaroli lililotobolewa na cheche hadi vidole. “Mikono yako misafi?”

“Hapana.”

“Afadhali umesema ukweli. Shika.”

Walitoka nje, wakasimama kando ya rundo la matairi, naye akaeleza. Siku za kazi alitengeneza meno ya bandia. Jumapili alirusha ndege. Si ndege za rimoti. Yake ilifungwa kwa waya mbili nyembamba za chuma, na waya hizo ziliishia kwenye mshiko alioushika mwenyewe. Rubani husimama katikati ya uwanja akizunguka, na ndege humzunguka kwa mbali, ikipanda, ikipinduka, ikichora duara na nane hewani. Baba yake ndiye aliyemfundisha. Sasa ng’ambo ya uzio wa uwanja kulifunguliwa wodi ya wagonjwa wanaopata nafuu, na injini zile zisizo na sailensa zilipiga kelele kama msumeno.

“Msimamizi wa uwanja ametupa mwezi mmoja,” alisema. “Atasimama kwenye uzio apige simu. Akiweza kuongea bila kupaza sauti, tunabaki. Akishindwa, anafunga geti.”

“Mko wangapi?”

“Saba. Sita ni wazee, wa saba mimi. Baba yangu hana pengine pa kwenda Jumapili.”

“Na wewe?”

Aliichukua injini yake, akaifuta kwa upindo wa koti. “Mimi nina pa kwenda pengi. Ila hapo ndipo ninapopapenda.”

Fundi akaahidi kujaribu, wakapeana namba, na jioni ileile akapigiwa simu. Kwenye simu yake alikuwa amemwandika mwanamke huyo kwa jina la Rubani.

“Ekzosi, unaniwazia?” sauti iliuliza.

“Nakuwazia?”

“Injini yangu. Unaniwazia injini yangu?”

“Ah. Ndiyo. Hiyo pia.”

Akasikia kicheko kikianza chini chini upande wa pili, na usiku huo alilala kama mtoto.

Wiki iliyofuata Rubani alimfuata karakana kila akitoka kazini. Alikuja na ule unga wa rangi ya waridi unaotumika kuchukua umbo la meno ya wagonjwa, akaukoroga kwa maji, akaukandamiza kwenye tundu la moshi la injini. “Fungua mdomo, mama, haiumi,” aliiambia injini. Kutokana na umbo hilo fundi alikata kipande cha alumini kilichokaa pale bila kuvuja hata chembe. Sailensa ya kwanza ilikuwa nzuri kuitazama. Rubani akaipima kwenye mizani yake ndogo, uso ukamshuka.

“Gramu sabini na moja. Ikizidi arobaini, pua ya ndege inazama.”

“Kwangu mimi ekzosi nyepesi ni ile inayobebwa na mtu mmoja.”

“Basi nifanye mimi ndiye huyo mtu, na nimechoka.”

Fundi akaikata, akaikwangua, akatumia bati jembamba zaidi. Dada yake mkubwa, mwenye duka la matairi upande wa pili wa ukuta, alichungulia siku moja na kutikisa kichwa. “Mdogo wangu, tangu lini unanyoa ndevu ili uchomelee?”

“Cheche zinashika ndevu, dada.”

“Miaka kumi na minne hazikushika.”

Jumapili ya pili walienda uwanjani. Sailensa ilikuwa na gramu arobaini kamili, na tundu la kutokea moshi fundi alilifanya jembamba ili lizime kelele. Baba yake Rubani, mzee mrefu aliyeacha kurusha kwa sababu ya kizunguzungu, alikaa kwenye kigoda chini ya mwavuli. Ndege ilikuwa nyekundu, mabawa yake marefu kama mikono miwili iliyonyooshwa. Mzee aliijenga kwa miezi saba. Iliondoka ikinguruma kwa upole, na fundi akahisi kifua kinamjaa. Mizunguko sita ikapita salama. Katika duara la kwanza la kupinduka, ndege ikiwa juu kabisa, sauti ya injini ikapanda ghafla, nyembamba na kali, kisha ikakatika. Waya zikalegea. Ndege ikaja chini kwa pua.

Rubani alipiga magoti kwenye nyasi akiokota vipande, mgongo umewaelekea. Fundi alipomkaribia na injini iliyong’oka mkononi, Rubani alisema bila kugeuka, “Nenda kwanza.”

Alitaka tu asionekane akilia mbele yake. Lakini fundi alikuwa na kidonda chake: mchumba wa zamani aliwahi kumwambia ananuka moshi hata siku ya kuoga, akaondoka kwa maneno mawili mafupi kama hayo. Akaenda, injini bado mkononi. Kesho yake aliifunga injini kwa kitambaa safi akaituma, na karatasi ndani: Samahani. Mtafute fundi anayejua.

Rubani alisoma karatasi ile mara nne. Alielewa jambo moja tu, kwamba mwanamume huyu amemchoka.

Siku kumi zikapita. Simu hazikulia. Fundi aliendelea kuchomelea mabasi, lakini kwenye benchi kukazidi kujipanga sailensa ndogo zisizo na mwenyewe, hii fupi, ile ndefu, nyingine yenye tundu pana. Alilijua kosa lake sasa. Injini ya pikipiki hupumzika. Dereva huachia mafuta. Hii haipumziki. Huanza na kumaliza kwa mwendo mmoja, na moshi ukibanwa, joto linapanda mpaka inazima.

Siku ya kumi na moja mzee aliingia karakana kwa hatua za taratibu, injini mkononi.

“Shikamoo, baba,” fundi alisema, akisimama wima.

“Marahaba. Mwanangu, nimekuja kukuuliza. Unadhani wewe ni wa kwanza kuvunja ndege yangu?”

“Sijui, baba.”

“Mimi mwenyewe nimevunja kumi na moja. Binti yangu, tisa. Wewe una moja, tena nusu yake ni yetu, maana tulikuambia uzito, hatukukuambia habari ya joto.” Aliketi juu ya tairi bila kukaribishwa. Macho yake yakaangukia benchi. “Hizi za nani?”

Fundi akazifunika kwa kitambaa.

“Ndege nimeshaiunganisha. Binti anashinda amenyamaza, anadhani umemchoka. Mimi sipendi nyumba iliyonyamaza. Nataka injini ndiyo inyamaze.”

Mzee alipoondoka, fundi alipiga simu. Iliita mara moja tu.

“Rubani.”

“Ndiyo.”

“Uliponiambia niende kwanza, ulimaanisha niende mpaka lini?”

Alisikia pumzi yake. “Dakika tano. Nilitaka kupenga kamasi.”

“Nimekaa siku kumi na moja.”

“Nimezihesabu. Mbona hukuuliza, mpenzi?”

Neno hilo la mwisho lilimtoka bila kupangwa, na wote wawili wakalisikia. Fundi akakaa chini, palepale sakafuni.

“Asante,” alisema.

“Asante ya nini?”

“Ya kupokea.”

Walifanya kazi pamoja siku nne. Walichagua ile ndefu yenye tundu pana; urefu ndio ulioituliza sauti. Fundi akaongeza kibomba chembamba cha kupeleka msukumo wa moshi kwenye tangi, ili mafuta yafike sawasawa hata ndege ikiwa kichwa chini. Rubani alikwangua kuta za sailensa kwa mashine yake ndogo ya kung’arishia meno ya bandia. Mizani ikasoma thelathini na nane.

Jumapili ya mwisho wa mwezi msimamizi alisimama kwenye uzio, simu sikioni, na ndege nyekundu ikachora duara tatu na nane mbili bila kukohoa.

“Mama watoto, unanisikia? Mimi pia nakusikia. Hapana, imesharuka, iko juu yangu sasa hivi. Haya, nyanya ngapi?” Akainua dole gumba. Wazee sita wakakumbatiana, na kwenye dirisha la wodi mgonjwa mmoja aliyevaa nguo za kulalia akapunga mkono.

“Sasa wewe,” Rubani alimwambia fundi.

Walisimama katikati pamoja, yeye mbele, Rubani nyuma yake, mkono juu ya mkono kwenye mshiko. Mzee aliiachia ndege. Dunia ikaanza kuzunguka.

“Usitazame chini. Tazama ndege tu. Hivyo. Kizunguzungu?”

“Kidogo. Sijui ni cha ndege au cha nini.”

“Mafuta yamebaki ya dakika tatu. Siwezi kuizima, nawe huwezi kuachia.”

“Najua.”

“Kwa hiyo nakuuliza sasa, usije ukaenda tena siku kumi na moja. Utanioa, au nikuoe mimi?”

Mkono wa fundi ukashtuka na ndege ikaelekea chini kwenye nyasi. Rubani akauinua mkono wake taratibu, ndege ikatulia.

“Nitakuoa,” fundi alisema. “Lakini nanuka moshi.”

“Mimi nanuka plasta. Tutafungua madirisha.”

Miaka yote fundi aliwatengenezea watu mabomba, wakaondoka na magari yao bila kutazama nyuma. Akaubana mkono ule uliokuwa juu ya wake, akazunguka nao kwa shukrani, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka injini ikaisha mafuta na ndege ikashuka yenyewe, ikagusa nyasi na kusimama.

Mzee alikuwa ameinuka kwenye kigoda, kofia mkononi.

“Umeonaje, baba?” Rubani aliuliza, akijitia hana habari. “Amerusha vizuri?”

“Amerusha vibaya sana,” mzee akasema. Alimwendea fundi, akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, macho yamemlowa. “Ila sailensa ni nzuri, mwanangu. Nimesikia kila neno.”