Friji ya Mzee Hans

Habari hii Hedwiga wa Elerai aliambiwa na Aikaeli, jirani yake. Mwaka 1994, Mzee Hans, Mjerumani, aliegesha gari lake la kulala uani kwa Aikaeli, akamwagiza kabla ya kwenda kupanda Mlima Meru:

"Mama, ufute paneli ya sola juu ya gari kila siku. Betri ikilala, dawa yangu ya sukari itaharibika kwenye friji."

Aikaeli akaanika nepi juu ya paneli, betri ikalala. Mzee alirudi, akajidunga dawa ile iliyoharibika, na siku chache baadaye akafariki.

"Ni mawingu tu yaliyoizima betri, jamani," Aikaeli aliwaambia watu.

Fundi aling'oa betri. Jioni hiyohiyo, ndani ya gari lenye giza, friji ilinguruma.

Asubuhi Aikaeli alipanda juu ya gari, akaifuta paneli. Mngurumo ukazidi.