Chungu cha Majina

Harufu ya mvua ndiyo iliyotangulia. Mwaija alikuwa anachambua maharage nyuma ya nyumba, jua la saa sita linamchoma utosi, Kwedizinga nzima haijaona tone la maji tangu mahindi yavunwe, na bado puani mwake ikaingia harufu ya udongo uliolowa, nzito, mbichi. Akainuka kuchungulia ndani. Sakafu kavu. Kwenye korido palikuwa na chungu tu, kimefunikwa kawa.

Kile chungu alikijua. Afadhali niseme mapema, maana balaa lote hili lilianzia hapo.

Mwaija, jamani, alikuwa msemaji. Misima kwao walisema ukiona Mwaija kanyamaza, katafuteni sanda. Akikutana na mtu kisimani, ndoo ilijaa, ikamwagika, ikajaa tena, yeye bado yuko kwenye salamu. Kwa hiyo Mwalimu Yuditha alipokuja kutafuta mpishi, wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yuditha alikuwa Msambaa mpole, mtu wa sauti ya chini, aliyepanga nyumba kubwa ya bati jekundu nje ya kijiji jirani cha Kwedizinga ili watu waliochoka waje kukaa kimya siku saba. Simu hakuna, maneno hakuna. Kuketi kwenye mkeka, kupumua, kusikiliza ndege.

"Mwaija? Siku saba?" walisema. "Hata kesho hafiki!"

Mwaija akaapa mbele yao kwamba neno halitamtoka. Lakini alikuwa na sababu nyingine iliyozidi kiburi. Mwanawe wa pekee, Husna, alikuwa anafundisha darasa la kwanza Korogwe, watoto tisini na ushee, na sauti ilikuwa imemkwaruza mpaka ikabaki kama ya mtu anayesaga mchanga. Daktari alimwambia aipumzishe wiki nzima bila hata kunong'ona, la sivyo ataipoteza moja kwa moja. Na mwalimu asiye na sauti atafundisha nini? Basi wakakubaliana: Mwaija apike, Husna apewe mkeka miongoni mwa wageni.

Jioni ya kwanza waliketi duara, Yuditha na wageni watano. Yuditha akagonga kengele kutangaza kimya, kisha akaweka chungu katikati.

"Nimekiokota pale nyuma chini ya mkuyu," alisema akitabasamu. "Kilikuwa kimelala mdomo chini. Kizuri, eti? Haya yatakuwa maneno yetu ya mwisho. Kila mmoja ainame, aseme jina lake humu ndani, aiache sauti yake ipumzike. Siku ya saba tutakuja kuzichukua."

Mwaija alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Kwao hata mtoto anajua kwamba chungu kilicholazwa mdomo chini penye mti hakijapotea. Kuna mtu kakilaza, na kuna kitu kafungia. Alitakiwa kusema neno moja tu: kirudishe. Lakini kengele ilikuwa imeshalia, na akilini akawaona wale wanawake wa kijijini kwao wakipigana vikumbo kwa kicheko. Akaanza kugawa vikombe.

Mzee Semboja, mstaafu wa reli, akainama akataja jina lake kwa sauti nene. Wengine wakafuata, na Yuditha mwenyewe. Mwisho akainama Husna, akakwaruza: "Husna." Chungu kikafunikwa kawa. Siku moja tu maishani Mwaija alifunga mdomo, na ndiyo siku aliyopaswa kuufungua.

Sasa, mchana wa siku ya pili, akaurudia ule ungo wa maharage huku harufu ya mvua ikimfuata.

"Shikamoo, mama."

Ilikuwa sauti ya Husna. Si ile iliyokwaruza. Ile ya zamani, safi, ya alipokuwa akisoma madrasa na majirani wakasimama kusikiliza. Mwaija akageuka na marahaba iko kwenye ncha ya ulimi. Hakuna mtu. Ng'ambo ya ua alimwona mwanawe ameketi kwenye mkeka, macho kafumba, midomo imebana.

"Mama," sauti ikasema tena kutoka korido, taratibu. "Mbona huitikii? Umenikasirikia?"

Bibi yake alimfundisha tangu yuko mgongoni: kinachokuita bila sura hakiitikiwi. Mwaija akang'ata kanga yake mpaka ufizi ukamuuma.

Siku ya tatu hakuvumilia. Akamfuata Yuditha barazani akamnong'oneza, "Mwalimu, kile chungu kinaongea."

Yuditha akaweka kidole mdomoni, akatabasamu, akachukua karatasi akaandika: *Ukimya huamsha mengi ndani yetu. Pumua tu, Mama Husna.*

Pumua! Mwaija angeweza kumzaba kofi.

Na asubuhi ya nne, wakati uji unatokota na wageni wanatoka mmoja mmoja kwenda kwenye mikeka, Mzee Semboja akatumbukiza mguu kwenye kiatu alichokiacha barazani bila kukikung'uta, na nge aliyekuwamo akampiga, na mzee akaanguka chali akiushika mguu, mdomo umeachama mpaka meno ya nyuma yanaonekana, mishipa ya shingo imesimama, machozi yanamtoka, na katika mdomo ule hakikutoka chochote, hata pumzi ya kukoroma, na hapohapo, kutoka korido, chini ya kawa, yowe la mwanaume mzima likapasua nyumba: "Mama weee! Nakufa! Nakufa mie!"

Likakatika. Ikaingia harufu ya mvua.

Yuditha akafungua mdomo kuita. Hakuna kitu. Akajaribu tena, akajishika koo. Na kile chungu kikasema kwa sauti yake, kwa upole kabisa: "Pumua. Pumua taratibu."

Husna alikuja mbio akamkumbatia mama yake, midomo inachora neno "mama, mama" bila sauti, anatetemeka kama kifaranga. Hapo Mwaija akaelewa kwamba nyumba nzima aliyebaki na sauti ni yeye peke yake, kwa kuwa ni yeye peke yake ambaye hakuinama.

"Mfungeni mzee mguu," alisema. "Msikiguse kile kitu. Na kikiwaita, msigeuke. Nakuja, mwanangu."

Akakimbilia barabarani, akapata bodaboda hadi Misima kwa Mzee Muhidini, mganga. Mzee alisikiliza hadithi nusu tu, akachukua tasbihi na ubani.

"Baba yangu ndiye aliyekilaza," alisema njiani. "Akasema asikiinue mtu."

Alasiri walikuwa wamefika. Mzee Muhidini alipoingia korido alisimama, akawatazama wote usoni. "Kuna mwenyeji aliyekiona kikiletwa akanyamaza?"

"Mimi, mzee," Mwaija alisema. "Niliogopa kuchekwa."

Mzee akafukiza ubani, akasoma, kisha akaanza kusema na chungu kwa Kizigua, kwa upole kama anayebembeleza ng'ombe mkali, na kutoka ndani sauti sita zikamjibu kwa pamoja, zikacheka kwa pamoja, zikawa zinaitana majina zenyewe kwa zenyewe, Semboja anamwita Yuditha, Yuditha anamwita Husna, mpaka wageni wakaziba masikio na mmoja akajikojolea pale aliposimama.

Mzee akageuka, jasho linamtiririka. "Kinakubali kuzirudisha. Lakini hakilali kitupu. Kililazwa na sauti ya shangazi yangu, na hiyo kimekwisha kuila. Sauti moja lazima ibaki."

Yuditha akajigonga kifuani huku analia: mimi, nibaki mimi. Mzee akatikisa kichwa.

"Kimeshachagua. Kinamtaka huyu binti. Kinasema akiita, watoto tisini wanaitikia."

Husna akaenda chini kama kanga iliyodondoka kambani.

"Kiambie," Mwaija alisema, na sauti yake haikutetemeka, "kiambie hiyo mbovu, imekwaruza. Kiambie kuna nyingine haijawahi kuchoka hata siku moja. Kikaulize Misima nzima."

Mzee akaweka tasbihi chini. "Mama Husna. Wewe hutaweza."

"Uliza, mzee."

Akauliza. Chungu kikacheka kidogo, kwa furaha.

Mwaija akapiga magoti. Mtu aliyesema maneno maisha yake yote, ukimwachia machache ya mwisho, atasema nini? "Husna, yule kuku mwekundu ametamia chini ya kitanda changu, msimsumbue. Na uji wa asubuhi umeshaungua, kaloweke sufuria." Machozi yakamtoka. "Nilikiona, mwanangu. Siku ile nilikiona. Nisamehe." Kabla Husna hajamshika mkono akainama akasema ndani: "Mwaija binti Sabiri."

Mzee Muhidini akakipindua mdomo chini.

"Mama!" Husna alipiga kelele, na sauti ilikuwa safi, ile ya madrasa. Mwaija akafungua mdomo amwitikie abee. Midomo ikacheza. Basi.

Chungu kimerudishwa chini ya mkuyu, na Yuditha alihama wiki ileile. Husna anafundisha Korogwe mpaka leo, sauti inafika darasa la pili. Shule ikifungwa huja kumsaidia mama yake shambani, na njia ya shambani inapita pale.

Saa sita, jua likiwa utosini, utamsikia mwanamke chini ya mkuyu anapiga soga. Anasimulia harusi, anasengenya majirani, anacheka kile kicheko ambacho Misima wanakijua wote. Kisha anasita, kama mtu aliyesikia nyayo.

"Husna, mwanangu! Mbona unapita kama mgeni? Mimi mama yako nipo huku. Huitikii?"

Kila mara miguu ya Husna hupunguza mwendo. Kila mara midomo yake hufunguka. Na kila mara kiganja kigumu cha mama yake, anayetembea ubavuni mwake kimya, humziba mdomo, wala hakitoki hapo mpaka wafike barabarani.