Uru Sita

"Mjumbe wa wauzaji atamtajia mnunuzi ghala kwa mnada wa karata," sauti ya mkuu ilinong'ona sikioni. "Safu za bandari wamezipa majina ya karata. Idadi atakayonadi ni namba ya ghala. Mabomu yanaondoka leo. Ukishajua, gonga saa yako, tutasikia."

Jasusi alikuwa klabuni, kwenye meza ya briji. Alipanga karata zake kumi na tatu taratibu, kama ilivyo desturi yake. Bastola ya Glock ilimbana kwapani.

Mbele yake alikaa mwenzi wake wa briji, ambaye pia alikuwa mkewe. Kushoto alikaa mnunuzi wa mabomu, waliyemwita Mhandisi. Kulia, daktari wa meno asiye na habari.

"Uru moja," jasusi alinadi.

Mhandisi akapita.

"Uru sita," alisema mke wa jasusi.

Daktari akapiga mluzi. "Shemeji leo kaamkia wapi?"

Uru sita ni ahadi ya kushinda mizunguko kumi na miwili kati ya kumi na mitatu. Wote wakapita. Mhandisi akatupa ree ya shupaza, akainuka. "Napiga simu mara moja."

"Mkono huu wa karata uishe kwanza," mwamuzi wa klabu alimkatalia. "Hapa hatoki mtu katikati ya mkono."

Kwa kuwa uru aliitaja jasusi kwanza, mchezo ulikuwa wake. Mkewe alipaswa kulaza karata zake zote wazi.

Alianza na uru.

Mbili. Ndogo.

"Ala!" mkewe akashika shavu. "Nimechanganya nyekundu na nyekundu, mume wangu. Nilidhani kopa zangu ni uru."

Roho ya jasusi ikashuka mahali pake. Kosa hilo humpata yeyote. Kidole chake kilikuwa juu ya saa yake ya Seiko. Akakiondoa.

Kisha mkewe akalaza kopa.

Tatu tu. Hakuna anayenadi sita kwa karata tatu.

Miaka yote ya ndoa, mwanamke huyu hakuwahi kumdanganya mezani. Mnada ule haukumlenga yeye, mumewe. Ulikuwa ujumbe kwa Mhandisi.

Akagonga saa: uru, sita.

Ahadi ya mizunguko kumi na miwili ilikuwa imekwisha kufa. Angeweza kukubali kushindwa papo hapo, lakini Mhandisi angeifikia simu. Kwa hiyo alicheza. Alifikia kopa: atoe ree au malkia? Mfalme yuko kwa nani? Aliwaza kwa muda mrefu, kana kwamba jibu lingeokoa kitu.

"Bwana," Mhandisi alifoka, "hata yai la mbuni lingekwisha kuanguliwa!"

"Nionyeshe mfalme alipo, nitakimbia."

Daktari alicheka. Mke wa jasusi hakucheka. Alikuwa akiitazama saa ya mumewe.

"Cheza tu, mpenzi," alisema kwa sauti ndogo.

Sikioni: "Mabomu tunayo. Madereva wa kuyabeba tunao. Vijana wako mlangoni kumchukua Mhandisi. Mjumbe ni nani?"

Jasusi akatoa malkia. Mhandisi akamla kwa mfalme.

"Narudia. Mjumbe nani?"

Akainua mkono wenye saa hadi mdomoni.

"Mke wangu."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mhandisi alilazwa kifudifudi juu ya zulia. Daktari akabaki na karata zake kifuani. Mke wa jasusi alinyoosha mikono mwenyewe, akafungwa pingu.

"Ungeweza kuamini kuwa nimekosea," alisema.

"Niliamini. Mpaka ulipolaza kopa."

Hakumuuliza kwa nini.

Mwamuzi alisimama pembeni, kalamu juu ya karatasi ya alama. "Sasa mimi... niandike nini?"

Jasusi alivaa koti, akafunga vifungo kimoja kimoja.

"Andika tumeshindwa," alisema, akatoka.