Kipimania Katika Darasa la Jioni

Kipimania, mashine ya kupima nia za wahusika, kilisoma mswada wa Atupele kwa kufumba na kufumbua, kisha kikatandaza nyuzi za mwanga ukutani, uzi mmoja kwa kila mhusika. Mhusika aliyejua anachotaka, uzi wake ulinyooka. Asiyejua, ulilegea kama kamba ya kuanikia nguo.

Uzi wa mama, mhusika mkuu wa Atupele, ulining'inia karibu na sakafu.

"Mama huyu anataka nini?" aliuliza Mwalimu Lwitiko, aliyewafundisha watu wazima uandishi wa filamu, Dodoma ya mwaka 2091. "Asipotaka kitu, hakuna cha kumzuia. Na asipozuiwa, mtazamaji anasinzia."

"Mimi nilishasinzia zamani," alisema Mzee Ngaiza, fundi mstaafu wa roboti za zege. Darasa likaangua kicheko.

Kipimania kikaandika pendekezo: *Anataka mtoto aliyemwacha mlangoni mwa zahanati amsamehe.*

Atupele aliyasoma maneno hayo mara mbili. Hilo lilikuwa lake mwenyewe, na hakuwahi kuliandika. Hata mumewe hakulijua. Alilitamka humu tu, katika maombi ya kufungulia darasa, ambapo kila mtu hutaja haja yake kwa sauti, wote kwa pamoja. Katika kelele zile hakuna aliyemsikia mwenzake ila Mungu.

"Mwalimu, tukiomba, mashine hii huwa inazimwa?"

"Izimwe ya nini, dada? Haina dini."

"Lakini ina masikio."

Mzee Ngaiza alivua miwani polepole. "Ile filamu mpya, ya fundi anayemficha mkewe kuwa jicho moja halioni... Nilidhani imefanana tu na mambo yangu."

Mwalimu alijikuna shingo. "Kampuni ya filamu ilituletea bure. Walisema inakuja kujifunza."

"Futa langu," alisema Atupele.

Mwalimu akabonyeza. Kipimania kikajibu: *Lengo limeshatumwa kwa watengenezaji wa filamu.*

Jumapili, baada ya ibada, Atupele alimketisha mumewe akamweleza yote, kabla filamu haijamweleza. Mumewe alisikiliza hadi mwisho, akainuka, akaenda kukaa nje peke yake.

Jumanne darasa likakutana. Kipimania hakikuwa na swichi ya kukizima, kwa hiyo Atupele alikifunika kwa kanga yake. Wakasimama kuomba. Midomo ilichezacheza, sauti haikutoka. Atupele hakujua kwamba angezikumbuka kelele zile kiasi hicho.

Chini ya kanga mwanga ukawaka. Nyuzi kumi na mbili, mmoja kwa kila aliyekuwa akiomba, zikapenya kitambaa na kujichora ukutani, zote zimelegea, na maandishi yakafuata:

*Watu hawa hawataki chochote.*