Nilikonda, Dada Akanenepa, Nikasema Ananivuta Mwili

Nilimfumania dada yangu, baba mmoja mama mmoja, amekaa na mkasi mkononi na gauni langu mapajani.

Alikuwa analifumua ubavuni, taratibu, mshono mmoja baada ya mwingine...

Mezani kulikuwa na gauni lake yeye, nalo limepasuliwa mbavuni. Na pale palipopasuliwa, kipande cha gauni langu kimebanwa kwa pini, kinasubiri kushonwa!

Jamani, nilisukuma mlango nikaingia.

"Dada, unafanya nini?"

Alishtuka mpaka mkasi ukamdondoka.

"Umesharudi? Si ulikwenda kupeleka mapazia ya mteja?"

"Nimekuuliza, unafanya nini na nguo yangu!"

"Kaa kwanza nikueleze."

"Sikai!"

Kabla hujaniona mkorofi, ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Mimi na dada ni mafundi cherehani. Duka tuliachiwa na mama: mashine tatu, meza ya kukatia, kioo kirefu cha wateja, na chumba kidogo cha nyuma cha kupigia pasi. Mimi nakata, dada anashona. Na tuna kawaida yetu. Kitambaa kipya kikiingia tunajishonea sare, gauni lake na gauni langu, tunavaa kazini. Mteja akituona tu anasema na mimi nataka hilo.

Sasa, miezi mitano kabla ya siku ile, mwili wangu ulianza vituko.

Kwanza njaa. Nilikuwa namaliza sahani mbili na bado naangalia ya mwenzangu.

"Mdogo wangu, humo tumboni umepangisha mtu?" dada alinitania.

Halafu joto. Watu wamejifunika kanga, mimi nafungua madirisha na jasho linanitoka. Mikono ikaanza kutetemeka. Mimi, mkataji! Mstari wa chaki ukawa unapinda kama umechorwa na mtoto. Na moyo... nimekaa tu, sijabeba kitu, lakini unakwenda mbio kama kuna mtu ananikimbiza.

Wateja walikuwa wananiuliza.

"Mbona umekonda hivyo?"

"Nimekonda wapi? Si gauni lile lile hili?"

Na kweli, gauni lilinikaa sawasawa. Ukikaa kwenye ufundi miaka mitano unaamini nguo kuliko maneno ya watu. Nguo zangu zote zilinikaa kama zimetoka mashinani jana, kwa hiyo mwili wangu ulikuwa pale pale. Ndivyo nilivyojua mimi.

Tatizo lilikuwa kioo.

Kwenye kioo nilianza kumwona mama.

Simaanishi kwamba nafanana naye. Namaanisha macho yake, yale ya mwisho mwisho, yaliyotoka nje mpaka akisinzia hayafungi vizuri. Mama alifariki miaka sita iliyopita amebaki mifupa. Alikula, tena alikula sana mwanzoni, akaisha tu. Watu walisema amerogwa. Wengine walisema mabaya zaidi. Tukamzika bila kujua ameuawa na nini.

Nikakifunika kioo kwa shuka. Mteja akitaka kujitazama namfunulia, mimi nageukia ukutani. Nikiinama kukata nahisi mama amesimama nyuma yangu kabisa, kimya, anangoja nimalize. Basi nakata harakaharaka bila kugeuka.

Dada naye alikuwa na yake. Uso umemuumuka, anavaa sweta mchana wa jua kali, anasinzia kwenye mashine. Na kula hali! Anadonoa vijiko vitatu, anasukuma sahani kwangu. Lakini ananenepa.

Sikuunganisha chochote. Mpaka nilipomkuta kwenye kile chumba cha pasi.

Nilivuta magauni yake yaliyotundikwa, moja baada ya jingine. Kila moja, ubavuni, lina kipande changu. Nikachukua tepu, nikajizungushia kiunoni kwa mikono inayotetemeka.

Kiuno changu kilikuwa kimepungua inchi saba.

Inchi saba, na nguo zinanikaa!

"Unanivuta mwili," nilimwambia. "Unanipunguza mimi ujiongeze wewe!"

"Mdogo wangu, hapana, nisikilize..."

"Na mama ulimfanya hivihivi?"

Hilo neno nililisema kwa mdomo wangu. Dada alilikunja gauni langu, akaliweka mezani. Macho yakajaa machozi.

Wakati huo Mama Saluni, jirani yetu wa kusuka nywele, alikuwa ameshafika mlangoni na kitana chake.

"Kuna nini huku?"

"Njoo uone! Njoo uone dada mtu anavyommaliza mdogo wake!"

Mama Saluni akaangalia nguo. Akamwangalia dada. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Heeh! Makubwa haya."

Dada alichukua pochi yake, akapita katikati ya wateja waliokuwa wamejaa mlangoni, akaondoka.

Na mimi, kwa hasira, nikafanya kosa la pili. Niliposti. Ndiyo, kwenye ukurasa huu huu unaosoma. Picha yangu, picha yake, na vile vipande. Nikaandika, "Mama aliisha hivihivi. Sasa mmoja anaisha, mwingine anajaa. Jionee mwenyewe."

Nyie mlijaa kwenye komenti! "Choma nguo zote." "Huyo si ndugu." "Na mama yenu alimmaliza yeye." Watu tusiojuana mkasambaza picha ya dada yangu mpaka kwa mjomba, naye akanipigia.

"Nimeona. Asikanyage kwangu tena."

"Sawa mjomba."

Sawa! Nilisema sawa.

Siku ya tatu nikiwa nakata suruali ya mteja, moyo ulikimbia ukapitiliza. Nikasikia sakafu inakuja usoni. Mama alikuwa pale, safari hii mbele yangu, na macho yake yale... Halafu giza.

Nilizinduka hospitalini. Mama Saluni alikuwa amenileta. Daktari, mwanamke mtulivu mwenye miwani, aliniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole vyangu. Karatasi ikatetemeka kama jani.

"Kunywa maji kidogo. Meza taratibu."

Nikameza. Akawa anaangalia shingo yangu, kisha akaishika kwa vidole.

"Kuna mtu amewahi kukuangalia hapa?"

"Shingoni? Hapana. Daktari, mimi narogwa."

Hakucheka.

"Tupime damu kwanza," alisema. "Hayo mengine tutayaongea baadaye."

Majibu yalipotoka alivuta kiti karibu na kitanda.

"Hapa mbele ya shingo kuna tezi. Inaitwa thairoidi. Ndiyo inayoamua mwili uende kasi gani. Ya kwako imepandisha kasi kupita kiasi. Unakula, mwili unachoma. Unakula tena, unachoma tena. Ndiyo maana unakonda huku una njaa. Joto, jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, hasira, wasiwasi, macho kutoka... yote ni huko huko."

"Nitakufa?"

"Ungeendelea hivi, moyo ungeweza kushindwa. Ukimeza dawa na kurudi kupima kila ninapokwambia, utaishi."

Nikamweleza kuhusu mama. Njaa yake, jasho lake, macho yake. Daktari aliweka kalamu chini.

"Siwezi kumpima mtu ambaye hayupo," alisema. "Lakini ningetamani angeletwa mapema. Magonjwa haya hupita kwenye familia. Una ndugu wa kike?"

"Ninaye dada."

"Mwite."

Nilipiga simu kwa aibu ambayo siwezi kuieleza. Ilipokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Uko wapi? Uko salama?" Hakunipa hata nafasi ya salamu. "Niambie uko wapi, nakuja."

Alikuja na lile sweta lake. Alikaa ukingoni mwa kitanda akanishika mguu.

"Dada, kwa nini ulikuwa unapunguza nguo zangu?"

Alivuta shuka akanifunika mguu.

"Wewe ulikuwa bado unasoma kule mbali, unarudi likizo tu, hili hukuliona," akasema. "Mama alikuwa anajipima tepu kila asubuhi. Kila asubuhi! Akipungua inchi, siku hiyo haongei. Siku moja alijipima, akaikunja tepu, akapanda kitandani, hakushuka tena. Hata maji alikataa. Mimi nilijua ile tepu ndiyo iliyomkatisha tamaa. Ulipoanza kukonda nikasema wewe hutajua. Nitakuwa napunguza kidogo kidogo ukitoka, uvae, uone uko sawa, usiogope... mpaka upone."

"Na vipande?"

Akainamisha kichwa.

"Nguo zangu zinanibana kila mwezi. Kitambaa cha sare kilikuwa kimeshaisha, kilichobaki ni hicho nilichokitoa kwenye nguo zako. Niliona haya kukwambia."

Mtu aliyekuwa anashona ili nisiogope, mimi nilimwita mchawi mbele ya watu.

Daktari alikuwa amesimama pale muda wote. Sasa akamgeukia dada.

"Mama, sauti yako imekuwa nzito hivyo tangu lini?"

"Mimi? Ni mafua tu."

"Na baridi unayoisikia?"

"Ni mwili wangu tu."

"Unachoka? Ngozi inakauka? Choo kigumu? Nyusi zako zimepungua pembeni, umeona?"

Dada akajigusa nyusi, akaniangalia.

Akatolewa damu. Na majibu yalipokuja, ndugu zangu, nilijifunika shuka usoni.

Tezi hiyo hiyo! Ya kwangu inakimbia, ya kwake imelala. Mwili wake ulikuwa unakwenda polepole, unashikilia maji, unaongezeka uzito hata akidonoa vijiko vitatu. Daktari alisema si kila mnene au mwembamba ana shida hii, wala si kilo zote za dada zilizotokana nayo. Lakini alikuwa mgonjwa. Dada yangu alikuwa mgonjwa kama mimi, anasinzia kwenye mashine huku akinishonea mimi.

Sote wawili tulikosea. Angeniambia mwezi wa kwanza, moyo wangu usingekimbia miezi mitano. Nami ningemsikiliza dakika tano tu pale chumba cha pasi...

Sasa ni mwezi wa tisa wa dawa, kila mtu na zake. Mwili wangu umerudi. Dada ameacha sweta, na sauti yake imerudi nyororo. Mjomba amemwomba radhi. Mama bado namwona mara moja moja, hasa nikikata kitambaa cheusi, na siku hizo namwambia kwa sauti, "Mama, tungejua tungekupeleka." Hata hivyo haondoki.

Ile posti niliifuta. Lakini nyie mlikuwa mmeshaichukua. Wiki iliyopita mteja alileta kitambaa cha harusi, akaniinamia sikioni, "Nishonee wewe, dada yako asikiguse." Dada alikuwa kwenye mashine, hatua nne tu. Alisikia.

Sikiliza wewe unayesoma. Ukiona mtu anakonda huku anakula, au ananenepa huku hali, moyo unakimbia, mikono inatetemeka, au baridi haimwishi, mpeleke akapimwe damu na kuangaliwa shingo. Usimfiche. Usimpe jina baya. Na kama uliwahi kusambaza ile picha, nakuomba sambaza na hii.

Jana tulipokuwa tunafunga duka nilijikaza nikamuuliza.

"Dada, umenisamehe?"

Alikuwa anafunika mashine. Hakugeuka.

"Nakusamehe kila asubuhi, mdogo wangu. Halafu nikifika barabarani watu wananipisha njia, inabidi nianze upya."