Marehemu Aliyetaka Kuulizwa

Jambo lenyewe lilianza na tope. Basilia Colque, mtunza kumbukumbu wa shirika la maji pale mjini Oruro, alifungua faili la visima vya Vilacota akakuta ukurasa wa mwisho umelowa tope, ilhali mvua haikuwa imenyesha tangu Machi. Ukurasa huo uliitwa Mafunzo Tuliyopata. Ulikuwa na sentensi moja, iliyonakiliwa ripoti hadi ripoti kwa miaka tisa: mafunzo muhimu yamepatikana. Mafunzo gani, Mungu ndiye ajuaye.

Huko Vilacota, kijijini kwa dada yake, kulikuwa na visima viwili vilivyofungwa, cha juu na cha chini. Kimoja pampu yake iliharibika. Kingine kilikuwa na sumu ya ardhini, isiyo na ladha wala harufu, inayoua polepole. Aliyejua kipi ni kipi ni mhandisi Don Eleuterio, naye alikuwa kaburini tangu Pasaka. Mzee alipokaribia kustaafu, Basilia alipewa siku tatu amhoji na kuandika anayoyajua. Siku zote tatu akahangaikia keki na bendi ya kumuaga. Majuto ni mjukuu, na wa Basilia alikuwa ameshazaliwa.

Ijumaa adhuhuri, wenzake walipokwenda kula, alisikia kiti cha marehemu kikiburutwa, harufu ya tope na majani ya koka ikajaa chumbani, kisha penseli ikasimama yenyewe juu ya ule ukurasa na kuanza kukwaruza, polepole, kwa mwandiko uleule wa mzee uliolalia kushoto, huku kitu kikihema karibu kabisa na sikio lake. Iliandika: NIULIZENI.

Akatoka mbio. Ukumbini akakutana na mkurugenzi akimleta Tata Paulino, mganga aliyeitwa kumfukuza mzuka ambao ofisi nzima ilikuwa imeusikia, akiwa na chetezo kinachofuka moshi.

"Licenciado, bwana mkurugenzi, ngoja! Mzee hakuja kutudhuru. Anataka kuulizwa!"

"Doña Basilia, wafu hawaandiki ripoti."

"Kwani sisi wazima tunaziandika?"

"Mama, kisima cha juu kinafunguliwa sasa hivi. Meya yuko palepale."

"Basi maji yapimwe kwanza!"

"Majibu ya maabara ya La Paz huchukua wiki tatu. Nimwambie meya arudi nyumbani?"

Mganga alikuwa ameshaingia, moshi umeshatanda. Basilia akarudi ndani mbio, akapiga magoti kando ya kiti cha marehemu.

"Tata, nakuomba, dakika moja tu!"

"Binti yangu, nikishaanza siwezi kuacha. Atatumaliza sote."

"Don Eleuterio, nisamehe," alinong'ona Basilia. "Chenye sumu ni kipi? Cha juu au cha chini?"

Penseli ikainuka. Ikachora maduara mawili, moja juu, moja chini, ikatetemeka katikati yake, ikaanza kusogea. Mganga akamwaga pombe mlangoni na kulitaja jina la marehemu mara tatu. Penseli ikaanguka sakafuni.

Harufu ikakatika. Ukumbini watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akamkumbatia mganga.

Simu ya Basilia ikalia. Alikuwa dada yake, Saturnina, na nyuma yake tarumbeta na kelele za watoto.

"Maji yametoka, mdogo wangu! Matamu hayo! Watoto wanabugia kama ndama!"

"Wazuie, Satu! Wasinywe!"

"Una nini wewe? Yana sumu?"

Basilia aliyatazama yale maduara mawili ukurasani.

"Sijui," alisema, akaangua kilio.

"Basi usitutie uchuro," alisema Saturnina, akakata simu akanywe.